Barua ya wazi kwa wanaopanga bajeti: asilimia ya ongezeko la watu peke yake haitoshi

Kwa mawaziri wa fedha na mipango, wakuu wa ofisi za takwimu, na wabunge mnaopitisha makadirio kila mwaka.

Waheshimiwa,

Nafundisha takwimu, na kazi hii imenipa ugonjwa mmoja: hotuba ya bajeti ikianza kusomwa, masikio yangu husubiri sentensi ile ya kuhusu watu. Haikosekani, na siku zote ni fupi. Itatajwa asilimia ya ongezeko kwa mwaka, hotuba itahamia kwenye barabara na mikopo, na namba ile haitasikika tena mpaka mwakani.

Nawaandikia kuwaomba muache kuitegemea namba hiyo peke yake. Si ya uongo. Ila ni jibu la hesabu ya kutoa: vizazi toa vifo (uhamiaji nao una sehemu yake, lakini leo nauacha kando). Na jibu la hesabu ya kutoa huficha namba zote mbili zilizolizaa.

Chukueni nchi mbili, kila moja ina watu milioni 10. Katika ya kwanza, kwa kila watu 1,000 huzaliwa watoto 45 kwa mwaka na hufa watu 25. Katika ya pili huzaliwa 28 na hufa 8. Zote zinakua kwa asilimia 2. Zote, zikiendelea hivyo, zitakuwa na watu mara mbili baada ya miaka 35 hivi. Kwenye hotuba ni nchi moja hiyo hiyo. Lakini ya kwanza inapokea watoto 450,000 na kuzika watu 250,000 kila mwaka, sehemu kubwa yao wakiwa watoto wadogo. Ya pili inapokea 280,000 na kuzika 80,000. Ya kwanza inalilia wakunga, chanjo na maji safi. Ya pili inatafuta madarasa ya sekondari na ajira, na kabla wanafunzi wa leo hawajazeeka itakuwa inatafuta fedha za pensheni. Waziri aliyepewa asilimia 2 tu hajui anaongoza ipi.

Kuna namba nyingine mnayopenda kujivunia nayo, ya vifo kwa kila watu 1,000. Ikishuka, hutangazwa kama ushindi wa hospitali. Wakati mwingine ni ushindi kweli. Lakini tazameni Japani, ambako mtu anayezaliwa leo hutarajiwa kuishi miaka 84 hivi: huko hufa watu 12 au 13 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Nchi kadhaa za Afrika, ambako umri wa kuishi bado uko katika miaka ya sitini, hufa watu chini ya 10 kwa kila 1,000. Je, Wajapani waje huku kutibiwa? Hapana. Japani imejaa wazee na nchi hizo zimejaa vijana, na vijana hawafi kwa wingi kama wazee. Namba hiyo imechanganya hali ya afya na umri wa watu, kisha ikatolewa kama kipimo cha afya. Miaka 40 ijayo, watu wenu wakishazeeka, itapanda hata kama hospitali zenu zitakuwa bora mara kumi, na mpinzani fulani atasimama bungeni kuwalaumu warithi wenu kwa kosa ambalo halipo.

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Idadi ya watu ina umri ndani yake. Vizazi na vifo vya miaka 60 au 70 iliyopita havijapita, vimekaa ndani ya watu walio hai, rika juu ya rika, na ndivyo vinavyoamua vizazi na vifo vya mwaka huu kuliko sera yoyote mliyoipitisha mwaka jana.

Nianze na vifo, kwa sababu ndivyo vilivyoanzisha mabadiliko yote haya. Kifo kilichozuiliwa hakina uzito mmoja kwa kila umri. Mkimwongezea mzee wa miaka 80 miaka mitano, na ni jambo jema kufanya, mmeongeza mtu mmoja kwa miaka mitano. Mkimwokoa mtoto wa kike wa mwaka mmoja asife kwa kuharisha, mmeongeza mtu mmoja kwa miaka 60 au zaidi, pamoja na watoto atakaowazaa, na wajukuu. Hii ndiyo sababu maji safi, chanjo na dawa ya malaria vilikuza idadi ya watu duniani kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana. Si kwamba watu walianza kuzaa zaidi. Walikuwa wakizaa vile vile kama bibi zao, isipokuwa sasa watoto walikuwa wanabaki hai. Dunia ilichukua hadi mwanzoni mwa karne ya 19 kufikisha watu bilioni 1. Mwaka 1960 walikuwa bilioni 3. Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ukahesabu bilioni 8.

Kuna wanaolisikia hilo na kuhitimisha, kwa sauti ya chini lakini wanahitimisha, kwamba kuokoa watoto kunaleta msongamano. Wamesoma ukurasa mmoja wakafunga kitabu. Wazazi wanaoona watoto wao wote wanakua hupunguza kuzaa, ingawa si mara moja. Sweden, ambayo imekuwa ikikusanya takwimu za watu wake nchi nzima tangu 1749, inaonyesha mwendo huo wazi: vifo vilianza kushuka kwa uthabiti mwanzoni mwa karne ya 19, na uzazi ukafuata miongo kadhaa baadaye, kuelekea mwisho wa karne hiyo. Katika pengo hilo ndimo watu walimoongezeka. Watoto waliokufa duniani kabla ya kutimiza miaka 5 walikuwa zaidi ya milioni 12 mwaka 1990, na mwaka 2022 walikuwa chini ya milioni 5. Katika kipindi hicho hicho wastani wa watoto kwa kila mwanamke duniani umeshuka kutoka zaidi ya 3 hadi 2.3 hivi. Pengo hufunguka na hufungwa. Linalotofautiana kati ya nchi na nchi ni linakaa wazi kwa muda gani, na hilo kwa kiasi kikubwa limo mikononi mwenu: wasichana wanabaki shuleni hadi umri gani, na mwanamke anayetaka kupumzika kuzaa anapata njia ya uzazi wa mpango karibu na kwake au hapati.

Iran ni mfano ambao huwa nautumia darasani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanamke wa huko alikuwa anazaa watoto zaidi ya 6 kwa wastani. Kufikia takriban mwaka 2000 walikuwa 2. Hakukuwa na amri ya idadi ya watoto. Kulikuwa na nyumba za afya vijijini, wahudumu waliotoka katika vijiji hivyo hivyo, wasichana waliojazana madarasani, na mafunzo ya uzazi wa mpango kwa wanaotaka kuoana. Viongozi wa dini waliunga mkono. Safari ambayo Sweden iliifanya kwa vizazi kadhaa, Iran iliimaliza katika muda ambao mtoto mmoja anazaliwa na kumaliza shule.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa uzoefu wangu, ndilo gumu zaidi kulielewesha ofisini. Uzazi, yaani wastani wa watoto kwa kila mwanamke, ukishuka, idadi ya vizazi haishuki hapo hapo.

Fanyeni hesabu hii nami. Wanawake 1,000 wanazaa watoto 5 kila mmoja: watoto 5,000. Kwa kuwa wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana, wasichana ni kama 2,440. Tuseme baadhi wanafariki kabla ya kufika umri wa kuzaa, wanabaki 2,200. Sasa hawa wamesoma, wanatumia uzazi wa mpango, na kila mmoja anazaa watoto 2.3 tu, chini ya nusu ya mama yake. Zidisheni: watoto 5,060. Uzazi umeshuka kwa zaidi ya nusu, na wodi ya wazazi imejaa kama ilivyokuwa. Mvua ilinyesha milimani, mto unafurika bondeni siku ambayo anga ni jeupe. Ofisa anayetazama anga tu ataapa kwamba hakuna mafuriko. Na yule anayetazama mto tu atasema programu ya uzazi wa mpango imeshindwa, aikatie fedha, wakati imefanya kazi yake yote.

Wataalamu huliita jambo hili msukumo wa idadi ya watu. China iliupitia ikiwa na serikali yenye nguvu kuliko nyingi na sera ya mtoto mmoja iliyosimamiwa kwa ukali tangu karibu mwaka 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uzazi wake ulikuwa umeshashuka chini ya watoto 2.1 kwa mwanamke, kiwango ambacho, vifo vikiwa vichache, kila rika la wazazi huacha nyuma yake rika la ukubwa ule ule. Je, watu waliacha kuongezeka? Waliongezeka kwa miaka 30 mingine, kutoka kama bilioni 1.13 hadi zaidi ya bilioni 1.41. Mwaka 2022 ndipo idadi ilipopungua, kwa mara ya kwanza tangu njaa kuu ya miaka ya 1959 hadi 1961. Kufikia hapo serikali ilikuwa imeshageuka: watoto wawili ruksa kuanzia 2016, watatu kuanzia 2021. Watu hawakugeuka nayo.

Msukumo huo hufanya kazi kinyumenyume pia, na nchi zenye vijana wengi zisidhani habari hii haiwahusu. Korea Kusini ilikuwa ikihimiza wananchi wazae wachache katika miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 2023 kiwango cha uzazi huko kilikuwa watoto 0.72 kwa mwanamke. Wanawake 1,000 wakizaa kwa kiwango hicho wanaacha watoto 720, wasichana kama 350. Hao wakizaa hivyo hivyo wanaacha watoto kama 250. Serikali imemwaga fedha nyingi za posho na likizo ya uzazi, na mwaka 2024 kiwango kikapanda hadi 0.75, watu wakashangilia. Lakini hata kesho wale wasichana 350 wakaamua wote kuzaa watoto 2.1, mtapata watoto 735 tu. Waliokosekana miaka 30 iliyopita hawawezi kuzaa leo.

Japani iliona ishara mapema. Mwaka 1966 vizazi vilianguka huko kwa robo, kwa sababu ya imani ya kale kwamba msichana aliyezaliwa mwaka wa Farasi wa Moto, kama unavyoitwa katika kalenda ya jadi, atakuwa mkali na kumletea mumewe mikosi. Wastani ukawa watoto 1.58. Mwaka uliofuata watu wakarudi kuzaa, na mkato ule unaonekana hadi leo kwenye mchoro wa piramidi ya umri kama jino lililong'oka. Halafu mwaka 1989 wastani ukawa 1.57, chini ya ule wa Farasi wa Moto, safari hii bila imani yoyote. Nchi ikashtuka. Mshtuko ukazaa kamati na mipango, lakini idadi ya watu ilikuwa bado inapanda, ikapanda hadi karibu 2008, na jambo linalopanda halionekani kuwa na haraka. Walikuwa na onyo la karibu miaka 20, na wao ni watu wa kupanga kuliko wengi wetu.

Waheshimiwa, najua kishawishi kinachofuata. Kiongozi akielewa kwamba vizazi vya leo ndivyo nguvukazi ya kesho, huanza kutaka kuvidhibiti kwa amri. Romania ilijaribu. Oktoba 1966 utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipiga marufuku utoaji mimba, na vidhibiti mimba havikuwa rahisi kupatikana. Uzazi uliruka kutoka watoto 1.9 kwa mwanamke hadi 3.7 mwaka 1967, vizazi vikawa karibu mara mbili kwa mwaka mmoja. Kisha wanawake wakatafuta njia za kificho, uzazi ukaanza kushuka tena, na vifo vya wajawazito vikapanda hadi kuwa vya juu kuliko kwingine kote Ulaya. Vituo vya kulelea watoto waliotelekezwa vikajaa. Na rika lile nene la 1967 halikuyeyuka: lilifurika shule za awali, likafurika sekondari, likafika sokoni kutafuta kazi kwa pamoja. Walikuwa na miaka 22 Desemba 1989, utawala uliowataka kwa amri ulipoangushwa na amri yenyewe ikafutwa.

Kwa hiyo sikuja kuwaomba mpunguze watu, wala muwaongeze. Sina hata hamu ya mjadala huo kama unavyoendeshwa, ambapo kambi moja inaona kila mtoto kama mdomo na nyingine inaona kila mtoto kama mlipakodi. Ninachoomba ni kidogo zaidi, na nadhani ni kigumu zaidi kukikataa: hesabuni watu kwa umri wao, na mzitumie hesabu hizo.

Mtoto aliyezaliwa mwaka huu hana siri. Akiwa hai, baada ya miaka 6 au 7 atahitaji dawati, baada ya 20 atahitaji kazi, baada ya 25 au 30 huenda atahitaji kitanda cha kujifungulia au cha mkewe, na baada ya 60 atahitaji pensheni na daktari wa moyo. Hakuna utabiri wa kiuchumi wenye uhakika wa namna hiyo. Bei ya mafuta ya mwakani hakuna anayeijua. Idadi ya watakaoanza darasa la kwanza miaka mitano ijayo inajulikana leo, maana wameshazaliwa wote. Hata hivyo kila msimu wa kufungua shule tunasikia uongozi fulani ukisema wanafunzi wamezidi matarajio. Matarajio ya nani?

Wameshazaliwa, nimesema, lakini sharti wawe wameandikishwa. Hapa lawama nazielekeza kwenu bila kuzunguka. Duniani kuna takriban watoto milioni 150 wa chini ya miaka 5 ambao kuzaliwa kwao hakuko kwenye daftari lolote la serikali. Kwa vifo hali ni mbaya zaidi: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2020 kwamba vifo karibu 4 kati ya 10 haviandikishwi, na barani Afrika kilichoandikishwa kilikuwa takriban kifo 1 kati ya 10. Matokeo yake tuliyaona wakati wa uviko. Vifo vilivyoripotiwa rasmi kutokana na ugonjwa huo mwaka 2020 na 2021 vilikuwa milioni 5.4. Shirika hilo lilipokadiria vifo vyote vilivyozidi kawaida katika miaka hiyo miwili, lilipata karibu milioni 15. Sehemu ya pengo hilo ni watu waliokufa kwa magonjwa mengine hospitali zilipoelemewa, na sehemu ni watu waliozikwa bila karatasi. Tutawagawanya vipi, ikiwa hakuna aliyeandika?

Familia haina sababu ya kusafiri kwenda kuandikisha kifo ikiwa cheti hakina faida kwao na ofisi iko mbali. Wekeni uandikishaji mahali ambapo kifo tayari kinajulikana: kwenye zahanati, kwa kiongozi wa kijiji au mtaa, kwa wasimamizi wa makaburi, kwa viongozi wa dini wanaoongoza mazishi. Futeni ada. Andikeni umri, jinsia na sababu ya kifo, hata kama sababu itatokana na maelezo ya ndugu. Sensa ya kila miaka 10 ni picha nzuri, lakini kati ya picha mbili nchi huwa inaendeshwa kwa makisio, na makisio hayo hurithi makosa ya picha ya mwanzo.

Na bajeti ijayo ikisomwa, ongezeni kitu kimoja. Chini ya asilimia ile ya ongezeko, wekeni jedwali la ukurasa mmoja: watu wangapi wana umri chini ya mwaka mmoja, wangapi wana mmoja, wangapi wana wawili, hadi mwisho, wanawake na wanaume kila mmoja safu yake. Kando yake, vizazi na vifo vya mwaka uliopita kama vilivyoandikishwa, pamoja na sehemu ambayo ofisi ya takwimu inakiri kuwa imekisia. Kila wizara inayoomba fedha za miaka mitano ionyeshe inawahesabia watu wa mstari upi katika jedwali hilo. Kamati ya bajeti iwe na haki ya kurudisha ombi lisiloonyesha. Jedwali lenyewe, ofisi yoyote ya takwimu ikiwa na sensa ya mwisho na madaftari ya vizazi na vifo, inaweza kulitoa ndani ya wiki chache, na mahali pake ni kabla ya jedwali la mapato.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa takwimu